Rahisi Si Lazima Ivunje Upishi

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, naona methali hiyo sasa inatumiwa na wachuuzi wa programu za tarakilishi kuwatia hofu wazazi na walimu wakuu, hata shule isiyo na madawati ya kutosha ikashawishika kununua kinga ghali ya virusi kila mwaka.

Ukweli ni kwamba mifumo ya Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake, Microsoft Defender, bila malipo ya ziada. Kwa familia yenye tarakilishi moja au mbili, kinga hiyo yatosha, mradi isizimwe na mfumo wenyewe usasishwe kila mara. Usasishaji ndio roho ya jambo hili. Mnamo Mei 2017, kirusi WannaCry kilipovamia tarakilishi katika nchi nyingi na kuvuruga kazi za hospitali za Uingereza, dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka uo huo. Wengi walioathirika walikuwa hawajaitumia.

Hapo ndipo penye hatari kwa shule zetu. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tarakilishi kuukuu isiyoweza kupokea Windows 11 haitaokolewa na programu ya kukinga virusi pekee. Heri iwekewe mfumo wa bure kama Ubuntu, ambao watosha kwa kuandika, kupiga hesabu na kusoma mtandaoni.

Je, kila cha bure ni salama? La hasha. Mwaka 2024, Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani iliitoza kampuni ya Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za kurasa walizotembelea watumiaji wake. Aidha, baadhi ya programu za bure zimeruhusiwa nyumbani tu. Shule ikizitumia huwa imevunja masharti ya leseni. Ama nakala za wizi zinazouzwa vichochoroni, naziogopa zaidi ya virusi vyenyewe. Anayekuuzia kufuli ya wizi atashindwaje kubaki na ufunguo mmoja?

Kwa maoni yangu, bodi ya shule ianze na yasiyohitaji pesa nyingi. Flashi itokayo kwa mchapaji ikaguliwe kabla ya kufunguliwa katika chumba cha walimu. Mwanafunzi asipewe akaunti yenye mamlaka ya kuweka programu. Alama za mitihani zinakiliwe kila wiki katika diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kufungiwa kabatini, kwani kirusi hakikifikii kisichounganishwa. Baada ya hayo, shule yenye tarakilishi nyingi ndipo iulizie bei ya leseni ya taasisi, na iulize pia bei ya mwaka wa pili, maana punguzo la kwanza mara nyingi ni chambo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu azilinde, seuze za watoto. Jina la mwanafunzi, alama zake na nambari ya simu ya mzazi wake ni amana. Basi mzazi anayetozwa pesa za kinga ana haki ya kuuliza: tumenunua nini, na kile kilichokuwapo bila malipo kilipungukiwa na nini?