Shujaa wako ni nani?

Uulize watoto wa nyumba yako leo: munataka kufanana na nani? Mmoja atataja mchezaji wa mupira, mwingine mwimbaji. Andika majibu yao, uulize tena kisha miaka kumi.

Mimi nilipokuwa mtoto pale Likasi, jibu langu lilikuwa Kazadi Mwamba. Sikumuona akicheza hata siku moja. Nilimujua kwa kinywa cha baba. Alikuwa mlinzi wa goli wa Englebert, ndiyo TP Mazembe ya leo, iliyochukua kombe la vilabu vya Afrika 1967 na 1968. Tukicheza na mupira wa matambara, wenzangu wote walitaka kufunga. Mimi nilikimbilia golini.

Kisha, wakubwa wa masomo wakanicheka: eti Kazadi wako huyo, Yugoslavia ilimufunga 9 kwenye Kombe la Dunia 1974! Nikaona haya. Jina lake sikulitaja tena.

Miaka ileile kampani ya baba ikaacha kulipa. Miezi ikapita bila mushahara. Baba, mutu wa kofia ya kazi, akaanza kusukuma kinga yenye magunia ya makala toka porini. Siku moja tulikutana barabarani, nikiwa na wenzangu. Nikageuza uso. Aliniona, hakusema kitu, akaendelea kusukuma. Wakati ule shujaa wangu alikuwa jirani mmoja mwenye gari. (Namna alivyolipata sikuuliza.)

Na wewe kijana, ni nani unayepita bila kumusalimu?

Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipopata habari nzima ya mechi ile. Kumbe Kazadi alitolewa dakika ya 21, magoli yakiwa 3 tu! Yale 6 yaliingia yeye akiwa inje. Tena Mwepu Ilunga, aliyecheza siku ile, alisimulia baadaye kwamba wachezaji walikuwa wamesikia hawatalipwa. Hawakutaka kucheza, mwishowe wakaingia uwanjani.

Nikaenda Likasi kumuona baba. Nilimukuta uani, anatengeneza munyororo wa kinga.

“Baba, Kazadi alitoka kwenye tatu.”

“Ninajua, mwanangu,” akasema. “Nilitaka kukuambia. Lakini wakati ule haukuwa unaniuliza kitu.”

Nikainama, nikamushikia gurudumu.