Istilahi za Monita: Kupima Ubora wa Picha na Thamani Yake

Istilahi zisizo thabiti huleta hasara, na mara nyingine hasara hiyo ni ya fedha. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Itiryo, wilayani Tarime, aliyetakiwa kuandika maelezo ya monita itakayonunuliwa kwa ajili ya shule. Akiandika "monita yenye kioo kikubwa na picha nzuri", mwuzaji aweza kuleta chombo chochote, na mwalimu hatakuwa na hoja ya kukikataa. Hatuna budi basi kuyapambanua maneno.

Kwanza, monita ni chombo kizima. Skrini ni ule uso unaoonyesha picha. Wako wapendeleao kiwambo, nalo ni neno lenye asili njema, kwani latokana na kuwamba ngozi juu ya ngoma. Ama kioo hutatanisha, maana ni kile cha kujitazamia pia. Tena, wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, ambako kompyuta huitwa pia tarakilishi. Mwenye kuagiza vifaa huko na akumbuke hilo.

Pili, pikseli ni nukta ndogo kabisa zinazojenga picha. Hapa mfasiri ajihadhari: neno la Kiingereza litumikalo kwa sifa hii ndilo litumikalo kwa azimio la mkutano, lakini skrini haipitishi maazimio. Twapendekeza tuseme idadi ya pikseli, na tuitofautishe na msongamano wa pikseli. Skrini yenye pikseli 1920 kwa 1080, ikiwa na ulalo wa inchi 24, huwa na pikseli 92 hivi katika kila inchi. Ikiwa na inchi 27, huwa na 82 tu. Kwa hiyo ukubwa si ukali wa picha.

Tatu, mng'ao hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba. Kiasi cha 250 chatosha katika chumba cha kawaida, bali penye jua la dirishani huenda kikahitajika zaidi. Uwiano wa weupe na weusi wa 1000 kwa 1 maana yake ni kwamba weupe wang'aa mara 1000 kuliko weusi. Matangazo yatajayo mamilioni mara nyingi huwa yamepima kwa kupunguza na kuongeza taa baina ya picha na picha, wala si ndani ya picha moja.

Mwisho, bei si thamani. Kwa kazi ya maandishi, picha kuhuishwa mara 60 kwa sekunde kwatosha. Kulipia mara 144 ni kulipia michezo.

Basi mwalimu wetu aandike hivi: "Monita ya ulalo wa inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080, mng'ao usiopungua kandela 250 kwa mita ya mraba, uwiano wa weupe na weusi usiopungua 1000 kwa 1 katika picha moja, pamoja na dhamana ya maandishi." Maneno hayo yapimika, na kipimikacho chaweza kudaiwa.