Eksirei

Washa tochi gizani, kisha uifunike kwa kiganja chako. Utaona wekundu, lakini hutaona mifupa.

Mwaka 1895 mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua mionzi ya eksirei. Mionzi hii ni ya jamii moja na nuru, ila haionekani kwa macho, na nguvu yake ni kubwa zaidi. Hupenya nyama kwa urahisi, bali mifupa huizuia kwa kiasi kikubwa. Hivyo daktari huweza kuuona mfupa uliovunjika.

Eksirei ikizidi hudhuru mwili. Baadhi ya watumiaji wa kwanza waliungua ngozi, wengine wakafa kwa saratani. Mgonjwa apigwaye picha moja hupata mionzi kidogo, lakini mpiga picha hupiga nyingi kila siku. Ndiyo sababu husimama nyuma ya kinga ya madini ya risasi.