Anwani za Vifaa Katika Maduka ya Kariakoo

Katika jengo moja la ghorofa kwenye Mtaa wa Msimbazi au Aggrey, Kariakoo, maduka kadhaa yanaweza kuwa na kamera za ulinzi zenye anwani ileile, 192.168.1.10, na kila kamera ikafanya kazi bila kugongana na ya jirani, kama chumba namba 3 kinavyopatikana katika kila gesti ya mjini.

Anwani ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa katika mtandao, nayo, katika toleo la 4 ambalo bado linatumika sana, huandikwa kwa mafungu manne, kila fungu likiwa na thamani ya 0 hadi 255. Jumla ya anwani hizo ni takriban bilioni 4.3, idadi isiyowatosha hata watu wa dunia kwa anwani moja moja, sembuse simu, kompyuta na kamera zao. Kwa sababu hiyo waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 1918, wa mwaka 1996, ulitenga anwani za ndani, zikiwemo zinazoanza na 192.168, ambazo yeyote huzitumia pasipo kuomba ruhusa. Anwani za umma, ambazo hazirudiwi popote duniani, barani Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa duka na intaneti, hubadilisha anwani ya ndani kuwa ya umma data inapotoka, na jibu linaporudi hukumbuka ni kifaa kipi kilichouliza.

Ugomvi huzuka ndani ya duka lenyewe. Fundi huipangia kamera namba 10, yaani fungu la mwisho la anwani, kwa mkono, ilhali ruta, ambayo hugawa anwani yenyewe kwa kila simu inayojiunga na waifai, haina habari, hivyo siku moja humpa mteja namba hiyohiyo. Picha huanza kukatikakatika, na mwenye duka, kwa bahati mbaya, hununua waya mpya au hata kamera nyingine. Tiba haina gharama: ruta ielekezwe kugawa namba 100 hadi 200 pekee, na vifaa vya kudumu, kama kamera na printa, vipewe namba zilizo chini ya hapo. Anayeongeza ruta ya pili ili waifai ifike stoo naye aibadilishie anwani, kwa kuwa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha aizime huduma yake ya kugawa anwani, ili kazi hiyo ibaki kwa ruta ya kwanza.