Chupa ya Maji ya Bandari ya Kale

Juzi mpwa wangu alinijia na chupa ya maji aliyoyateka pale Bandari ya Kale, wakati wa bamvua, maji yamejaa. Shuleni wamefundishwa habari za radiolaria, viumbe wa seli moja, wadogo kuliko chembe ya mchanga, wanaojijengea kiunzi cha silika, asili ile ile ya kioo. "Mjomba, humu si wamo?"

Nikamwambia: wakiwamo, ni wachache mno. Radiolaria ni wakaazi wa bahari kuu. Huelea na mikondo, na maji ya chumvi pungufu, kama ya huko ndani Tudor wakati wa mvua, hayawafai. Atakaowaona wengi chupani ni dayatomu, ambao nao wana ganda la silika. Hapo ndipo wengi hukosea. Chini ya hadubini, dayatomu ni kama kijaluba na kifuniko chake. Radiolaria ni kimia cha matundu, mara nyingi chenye miiba, na pengine tufe ndani ya tufe.

Tuchukue mmoja, Didymocyrtis tetrathalamus, aliyeelezwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1887. Ganda lake limebanwa kiunoni kama kibuyu, na katikati mna tufe dogo. Huishi katika maji ya juu yenye joto, katika Bahari ya Hindi, Pasifiki na Atlantiki.

Lakini jina peke yake halitoshi. Radiolaria akifa, ganda huzama, na mkondo huweza kulichukua mbali. Ukilikuta kwenye tope la chini, halikwambii kwamba mwenyewe aliishi hapo. Ndiyo maana meli ya Kijerumani Valdivia, katika safari yake ya 1898 hadi 1899, ilishusha nyavu zinazofungwa zikiwa bado chini, ili ijulikane kila kiumbe ametoka kina gani.

Basi nilimuuliza mpwa wangu: chupa yako imeandikwa nini? Haikuandikwa kitu.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hasara. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mkomani, ng'ambo tu ya Bandari ya Kale, na wavuvi wetu wanajua maji ya Kaskazi na ya Kusi kuliko mgeni yeyote. Lakini ujuzi usioandikwa huenda na mwenyewe. Kesho tukisema bahari yetu imebadilika, tutailinganisha na nini?

Tumekubaliana arudi na chupa nyingine, na safari hii abandike karatasi: mahali, kina, tarehe, saa, maji yanajaa au yanakupwa, upepo gani. Na akipata mvuvi wa kumchukua nje ya mwamba, huko kwenye maji ya buluu, ndiko atakakokuwa na tamaa ya kumwona huyo wa kiuno chembamba.