Supai au Canyon de Chelly: pesa yako iende wapi?

Dola 455 kwa kichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya mwaka 2025 ya kupiga hema kwenye korongo la Havasu, Arizona, katika ardhi ya Wahavasupai. Huwezi kuipunguza kwa kulala usiku mmoja, maana kibali ni cha siku nne na usiku tatu, utake usitake. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni marufuku. Watu wanne wanatoa dola 1,820 kabla hawajanunua hata njugu za njiani.

Wapo wanaosema huo ni wizi. Mimi sisemi. Kijiji cha Supai, kilicho ndani ya korongo hilo, hakina barabara, na hadi leo barua hufika kwa nyumbu. Pesa ya wageni ndiyo tegemeo kubwa la Wahavasupai, ambao mwaka 1882 serikali iliwabana kwenye ekari 518, ikaja kuwarudishia kama ekari 185,000 mwaka 1975. Kibali basi kilipe bila kununa. Penye nafasi ya kubana matumizi ni kwenye mizigo.

Kutoka Hualapai Hilltop, barabara inapoishia, hadi kambini ni kilomita 16 za kutelemka. Kurudi ni kupanda, na kipande kikali kuliko vyote kinakusubiri mwishoni, miguu ikiwa imechoka. Nyumbu mmoja hukodishwa dola 400 kwenda na kurudi, naye hubeba mabegi manne ya kilo 14 hivi kila moja. Kwa hiyo wawili wanalipa 200 kila mtu, wanne wanalipa 100. (Malalamiko kuhusu namna wanyama hawa wanavyotunzwa ni ya miaka mingi, hilo nalo lipime.) Helikopta ni takriban dola 100 kwa mtu kila upande, lakini wanakijiji hutangulia, na mgeni anaweza kushinda juani akingoja zamu. Nikiulizwa, nitasema shukeni kwa miguu na mabegi mepesi, kisha mtenge nauli ya helikopta ya kutokea kwa atakayeishiwa nguvu. Kulipia nyumbu na helikopta kwa pamoja ni kujidekeza.

Nyumba ya wageni kijijini inatisha kwa bei, zaidi ya dola 2,000 kwa chumba cha watu wanne kwa usiku tatu. Lakini igawe kwa wanne: tofauti na hema si kubwa sana, na hubebi hema wala godoro. Kasoro yake ni kwamba maporomoko ya maji wanayoyafuata wageni yapo mbali kidogo na kijiji, kwa hiyo kila siku utatembea kwenda na kurudi. Kwa watu wawili haina maana kabisa.

Jiko la gesi si la hiari, kwa sababu kuwasha moto wa kuni hakuruhusiwi. Pombe hairuhusiwi pia. Maji ya kunywa yapo kambini, kwenye chemchemi ya Fern, ila beba chujio. Jaza tangi la gari Kingman au Seligman, kwani barabara ya mwisho, karibu kilomita 100, haina kituo cha mafuta. Na epuka Julai hadi Septemba, msimu wa mafuriko ya ghafla: Agosti 2024 maji yalimuua mgeni mmoja, na wengine wengi wakatolewa kwa helikopta.

Sasa niseme na wasomaji wa Phoenix na Tucson, waliotoka Kongo na Burundi, wenye watoto wadogo. Supai msiende mwaka huu. Maporomoko ya Mooney, yenye urefu wa mita 60 hivi, huteremkwa kwa minyororo na ngazi zinazoteleza; si mahali pa mtoto wa miaka sita. Nendeni Canyon de Chelly, katika ardhi ya Wanavajo. Kiingilio hakuna. Barabara za ukingoni ni bure, na ukiwa juu unauona mwamba wa Spider Rock, mnara wa mawe wa mita 240 uliosimama peke yake. Kambi ya Cottonwood hulipiwa kwa eneo la hema, si kwa kichwa. Gharama kubwa ni kushuka korongoni, maana hamshuki bila kiongozi wa Kinavajo. Tengeni dola 100 kwa mtu mzima kwa ziara ya saa tatu. Watu wazima wanne hawafikishi hata kibali cha mtu mmoja cha Supai. Mtakachokosa ni maji ya samawati ya Supai ya kuogelea.

Jambo moja dogo hula pesa za watu: wakati wa kiangazi saa za Wanavajo hutangulia saa moja mbele ya saa za Phoenix. Ukifika saa tatu asubuhi kwa saa yako ya mkononi, kwao ni saa nne, na gari la ziara ulilolilipia limeshaondoka.

Hukumu yangu: vijana wanne wenye miguu, Supai kwa hema na mabegi mepesi, Mei au Oktoba. Familia, Chelly. Wawili wenye bajeti finyu, Chelly pia, na Supai mwakani mkishapata wenzenu wawili wa kugawana nao gharama. Vibali vya Supai hutolewa mwanzoni mwa mwaka na huisha upesi, na ukishalipa hurudishiwi, kwa hiyo hakikisha ada mpya kabla hujatoa kadi.