Hojaji ya Maumivu ya Mgongo na Tatizo la Tafsiri

Maumivu ya mgongo hayana mizani. Ili kupima ulemavu unaoletwa nayo, daktari hana budi kumuuliza mgonjwa ni mambo gani yanayomshinda, na kwa hiyo chombo chake ni lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mfasiri wa hojaji za namna hii hushiriki katika kupima.

Hojaji mbili za Kiingereza zimeenea sana. Ile ya Oswestry, iliyotolewa na Jeremy Fairbank na wenzake mwaka 1980, ina vifungu 10, na kila kifungu hupewa alama 0 hadi 5. Ile ya Roland na Morris, ya mwaka 1983, ina sentensi 24. Mgonjwa huchagua zile zinazomhusu siku hiyo, na kila moja huhesabiwa alama 1.

Tuchukue mfano wa mkulima wa milima ya Machakos aliyepewa hojaji hii ya pili, iliyofasiriwa neno kwa neno. Sentensi mbili zinahusu kupanda ngazi. Ikiwa nyumba yake haina ngazi, ataziacha, nazo zitahesabiwa 0, kana kwamba ni mzima. Taabu yake ya kupanda matuta ya shamba, au ya kubeba maji mgongoni, haikuulizwa.

Msamiati nao una mitego. “Mgongo” huanzia shingoni, lakini maumivu yanayokusudiwa ni ya kiunoni. “Siwezi”, kwa watu wa pwani, huweza kumaanisha “ni mgonjwa”. Kifungu cha Oswestry kihusucho tendo la ndoa chahitaji tafsida. Mgonjwa akikiruka kwa haya, alama zake hugawanywa kwa 45 badala ya 50.

Hata hivyo, kugeuza ngazi kuwa matuta kiholela kutaharibu ulinganifu na lugha nyingine. Beaton na wenzake walipendekeza mwaka 2000 kwamba wafasiri wawili wafasiri kila mmoja peke yake, tafsiri irudishwe katika lugha ya asili, kamati iipime, kisha ijaribiwe kwa watu 30 hadi 40. Katika Machakos, ambako kwa wenyeji wengi Kiswahili ni lugha ya pili, kamati hiyo yahitaji mjuzi wa Kikamba pia. Kazi hii ni yetu sisi wanaisimu kama ilivyo ya madaktari, maana sentensi moja iliyokosewa yaweza kumnyima mgonjwa matibabu anayostahili.